Siku Kumi na Moja za Kuomba Moto

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu, 2010

Plamedie amekula sasa hivi kona ya fishi yake ya kilo, ile karatasi yenye wanaandika uzito wake kila mwezi. Niligeuka tu kutafuta bic ya kuandika, naye akatafuna. Nimeingiza kidole katika kinywa chake, nimetoa kipande kimelowa. Mwezi wa kumi na mbili umeenda wote, na nusu ya mwezi wa kwanza. Akanichekea na meno yake mine. Sikumukaripia. Ile miezi haikuwa ya kujivunia.

Heri angekula na huu wa leo. Ku kituo cha afya muganga Honoré alimutundika ku balanse, akaangalia, akagonga kioo na kidole, akaangalia tena. Kilo saba na gramu mia tisa. Sawa mwezi uliopita. Sawa mwezi wa mbele yake. Katika fishi iko mustari wenye unapaswa kupanda sawa kilima. Mustari wa Plamedie umelala sawa barabara ya uwanja wa ndege.

Muganga alisema hakuna ugonjwa, asante Mungu. Alisema mutoto anakula, lakini mwili haupate kitu ya kujengea. Tarehe 15 atapima tena. Mbele ya ile siku, kuanzia Jumatano, wamama wenye watoto wao hawapandi wataenda siku kumi na mbili kupika pamoja katika kiwanja ya mama mwangaza. Mama mwangaza ni mama wa avenyi yetu, njia yetu hii, hapite wengine kwa utajiri, lakini mutoto wake anakomaa muzuri. Wengine wanaangalia vile anapika, wanafuata.

Nilisema ni wazo muzuri. Niliuliza huyo mama ni nani.

Mama Kule.

Niandike pole pole. Mama Kule jina lake Kavira. Anakaa mbele yetu, ni kuvuka tu njia. Walitoka Butembo miaka mitatu iliyopita, wakati watu walianza kusema Bunia yetu imetulia. Anauzisha maharagi, bwana yake anashona viatu. Mutoto wake, Kule, na Plamedie walizaliwa juma moja, kitanda kando ya kitanda. Leo Kule iko na kilo kumi na moja. Mikono yake iko na mikunjo sawa mutu aliyevaa bangili. Tukipita pamoja, watu wanasalimia Kule mbele ya kusalimia mama yake, na mama yake mbele ya kunisalimia miye.

Nilimwambia muganga nitafikiri. Katika roho nilikuwa nimemaliza kufikiri. Plamedie atapanda. Nitamupandisha miye mwenyewe. Katika kiwanja ya Kavira sitakaa chini sawa mwanafunzi, hata wanibebe na machela.


Jumanne, tarehe 2

Mupango wa kwanza. Kilo ni uzito. Bugali ni nzito. Hesabu imeisha.

Nilimupa bugali ya mihogo mara tatu, na chai ya sukari juu yake ili ishuke. Mama mukwe alifurahi, alisema leo mutoto anakula sawa watu. Saa nane tumbo ilikuwa ngumu sawa ngoma ya kanisa. Plamedie alilia, nilitembea naye, niliimba nyimbo zote nazozijua, kisha zenye sizijui. Saa kumi na moja vitu vyote vilitoka kwa mara moja, juu ya koti ya Yves.

Yves njo bwana yangu. Anaendesha pikipiki ya kubeba watu na iko na koti moja. Alifuta, akavaa, akaenda kazi. Alirudi mapema. Alisema mukliya wake, mutu mwenye alikuwa amebeba, alishuka katikati ya njia, akasema anapenda kutembea.

Mbele ya giza nilikimbia kwa Eugène, muuza unga, nikaweka Plamedie ku balanse yake. Kilo saba, mia tisa. Labda mia nane. Eugène aliniuliza kama nauzisha yeye muzima ao kwa nusu kilo.


Jumatano, tarehe 3

Tangu asubuhi niko ku dirisha. Wamama wanaingia kwa Kavira, kila mumoja na kitu katika mukono: huyu unga, huyu majani ya lenga-lenga, huyu mafuta katika chupa. Ornella pia, rafiki yangu wa tangu masomo. Nilimwita. Alisema njoo twende, Emerance, pale wanacheka sana. Njo kitu ilinichoma. Wanacheka nini?

Mupango wa pili. Kwetu hapa, jirani akija kuomba moto haulizwi sababu. Unamupa kaa la moto, anaenda. Hata wakati wa vita watu walipeana moto. Nilificha kibiriti chini ya godoro, nikakamata kigae cha chungu, nikamufunga Plamedie ku mugongo, nikavuka.

Nilisema mama Kule, moto yangu imezimika. Alisema karibu mama Plame, ngoja kidogo, makala ya jiko haijashika. Basi nikangoja. Nilisimama, sikukaa. Mutu mwenye amesimama hayuko mwanafunzi.

Muganga Honoré alikuwa pale, amechora nyumba chini na kijiti. Alisema bugali, viazi, sukari na mafuta njo makala: mwili unayachoma ili mutoto alie, acheke, atambae. Maharagi, soya, samaki, yai, maziwa njo matofali. Mboga na matunda njo sentineli wa ku mulango, anafukuza magonjwa. Mutoto mwenye unamupa makala tu, alisema, anawaka muzuri, lakini nyumba haipande. Niliangalia upande mwingine.

Alisema tena tumbo ya mutoto ni sawa ngumi yake. Haijazwe sawa gunia. Ni kumupa kidogo, nzito, mara nyingi. Tumbo inavunja-vunja chakula mpaka damu iweze kubeba, kisha damu inagawanya: mufupa unakamata yake, nyama inakamata yake, na kitu yenye haiko, mufupa hauwezi kuikopa kwa jirani. Hapo aliangalia kigae changu. Labda ni miye nilifikiri tu.

Kila swali lenye aliuliza, Kavira alijibu. Sawa ule mutoto wa kwanza wa darasa. Sikupenda watoto wa kwanza wa darasa hata zamani.

Wakati makala ilishika, Kavira alisema anataka mutu aonje buyi, ule uji wa watoto, kama haiunguze, kisha kijiko kiliingia katika kinywa cha Plamedie kwa juu ya bega langu. Kimoja. Cha pili. Cha saba. Nilitaka kukataa, kisha nilihesabu vizuri: kila kijiko chenye Plamedie anakula ni kijiko chenye Kule hatakula. Niliacha. Tutaona nani atakonda.


Ijumaa, tarehe 5

Siku ya tatu moto yangu inazimika. Ornella alisema mbele ya wote: “Moto yako weye inazimikaka saa tatu kamili, sawa kengele ya misa.” Walicheka. Nilicheka pia, bila meno.

Lakini leo nimeona siri. Kavira iko na mukebe. Mbele ya kushusha chungu anafungua mukebe, anatia vijiko viwili vya unga wa rangi ya majivu, anafunga. Hakuna mutu aliuliza. Wote wanaangalia lenga-lenga. Miye tu niliona. Dawa ya Butembo, nilisema. Kumbe njo ile.

Aligeuka kumupangusa Kule pua. Nilifungua mukebe, nikachota kidogo, nikafunga katika jani, nikatia katika kitambaa cha kichwa. Niliondoka haraka mpaka nikasahau moto. Alinifuata mpaka ku njia na kigae, akasema moto yako hii, mama Plame.

Yves aliporudi nilimwonyesha. Nilimwambia asiguse, inaweza kuwa na nguvu. Aligusa. Alitia ku ulimi, akafunga macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Samaki. Ile midogo ya kukausha yenye wanaleta kutoka Tchomia, imetwangwa pamoja na kichwa na mifupa. Ile yenye siye tunatupia paka.

Paka yetu iko na manyoya muzuri sana. Sikuwahi kujiuliza sababu.

Nimefikiri tangu saa ile. Kavira aliona namuangalia, akabadilisha mukebe. Hakuna namna ingine.


Jumatatu, tarehe 8

Sikukuu ya wamama. Tulivaa kitambaa kimoja, tukapita ku barabara kubwa na nyimbo. Kituo cha afya kilikuwa na bendera yake, na unajua nani aliibeba. Kule ku mugongo, kofia nyeupe ku kichwa. Muzungu mumoja wa shirika alishuka katika gari, akapiga Kule picha tatu. Nilisogea, nikamugeuza Plamedie uso kwa mashini. Alinionyesha picha kisha. Muguu wa Plamedie unaonekana muzuri kabisa.

Asubuhi kuku yangu ilitaga yai. Muganga alisema yai ni tofali. Nilichemusha, nikamenya, mama mukwe akaikamata katika mukono wangu. Alisema mutoto mwenye anakula mayai atakuwa mwizi, kila mutu anajua. Nilimwambia muganga anasema vingine. Aliniuliza kama muganga njo atamutoa Plamedie katika kashoti ya polisi. Yai akala Yves.

Nilipoenda kuomba moto, Kule alikuwa anakula yai, yote, peke yake. Nilipoinama kuchukua kaa la moto, alininyanganya kitambaa cha kichwa na hakutaka kukirudisha. Basi mama mukwe iko na haki. Niliondoka na furaha kidogo.

Lakini niandike kitu kingine, kwa sababu hapa hakuna mwenye anasoma. Kavira aliniangalia ku mikono, akaniuliza nakula nini. Nilisema vyote. Aliniuliza tena, nani anakulaka wa mwisho katika nyumba yetu. Nilisema miye, mama njo anakula wa mwisho. Alisema muganga aliwafundisha: mama mwenye ananyonyesha, mwili wake unatanguliza maziwa, unachukua hata katika akiba yake mwenyewe, mama anabaki na kizunguzungu. Anapaswa kula mara moja zaidi. Akanipa bakuli ya maharagi na mboga, akakamulia ndimu juu ya mboga, kwa sababu ndimu inasaidia chuma cha mboga kuingia katika damu, chai inakifukuza.

Nilikula nimesimama. Ilikuwa tamu. Niliona wivu mpaka ku mufupa.


Alhamisi, tarehe 11

Mupango wa tatu, na huu ni mukubwa. Nilishangaa sikuufikiri mbele. Siye tulilelewa na maziwa. Baba alikuwa na ngombe makumi ine mbele ya vita. Zilienda na vita. Lakini nonko Augustin, ndugu ya baba, upande wa Aveba, amebaki na tano. Samaki ya kutwanga inaweza kushinda maziwa ya ngombe wetu? Haiwezi.

Yves aliondoka alfajiri na bido ya litre tano, ule mutungi wa plastiki. Nilimuomba arudi saa tatu. Saa tatu hakuna. Saa sita hakuna. Watu walisema kizuizi kimefungwa, waaskari wanasubiri sijui nini. Niliacha kufikiri juu ya maziwa, nikafikiri juu ya Yves tu. Nilisimama ku njia na Plamedie, na Kavira alivuka akasimama na miye. Alishika mukono wangu. Sikuutoa. Nilikuwa nimesahau.

Saa tisa Yves alifika, vumbi mpaka ku kope. Niliwashukuru malaika wote. Kisha tulifungua bido. Hakuna maziwa. Chini maji-maji meupe, juu kitu ya manjano, nene. Masaa yote ile juani na ku mashimo, pikipiki ilitikisa bido sawa mama yangu alivyotikisa kibuyu, na haikuomba hata kupumzika. Siagi!

Mama mukwe aliuliza kama sikumutuma Yves maziwa. Nilisema hapana, niliagiza siagi. Plamedie alilamba kidole changu, akafumba macho. Nilitia siagi katika lenga-lenga yake, na samaki ya kutwanga kidogo kutoka kwa ya paka, kwa kujaribu tu kama Kavira alidanganya. Plamedie alimaliza bakuli. Siagi ina nguvu, jamani.


Ijumaa, tarehe 12

Mvua tangu asubuhi. Njia imekuwa muto. Katika mvua sawa hii, mutu mwenye anavuka kuomba moto ni mwenda wazimu.

Saa tatu Plamedie aliangalia mulango. Alionyesha na kidole. Nilimwambia mvua, mama. Alilia. Nilimupa titi, akalikataa, akageuza kichwa upande ule. Mutoto wangu, mwenye nilimubeba miezi tisa, analilia chungu ya mutu mwingine.

Leo siandike zaidi.


Jumatatu, tarehe 15

Siku ya balanse. Mbele ya kutoka nilimunywesha Plamedie vikombe viwili vya maji. Maji pia ni uzito, na hayachafue koti. Muganga aliwavua watoto wote nguo, kwa hiyo mawe madogo yenye nilishona katika rinda hayakusaidia.

Alimutundika. Plamedie alikojoa hapo hapo, kikombe cha kwanza na cha pili, vyote ku viatu vya muganga. Nilifunga macho. Nilisema basi, imeisha, kila kitu kimeshuka.

Muganga alipangusa viatu, akasoma. Kilo munane na gramu mia tatu.

Alisoma tena kwa sauti. Gramu mia ine katika siku kumi na ine. Alichukua fishi, ile yenye meno ya Plamedie, akatia nukta, akavuta mustari, na mustari ulipanda. Kweli ulipanda, sawa njia ya kwenda kwetu. Wamama walipiga makofi. Nilimubusu Plamedie ku miguu, ku tumbo, kila mahali, na sikujali nani anaona. Kule walimupima nyuma yetu: kilo kumi na moja, sawa zamani. Nilitafuta katika roho yangu huzuni juu ya hiyo. Sikuipata.

Kisha muganga alifungua daftari, akaanza kuita majina ya wamama wenye walimaliza mafunzo kwa mama mwangaza. Ornella, siku kumi na mbili. Na mara moja: Emerance, mama ya Plamedie, siku kumi na moja, siku moja alikosa sababu ya mvua.

Nilisimama. Nilisema ni kosa, miye sikufundishwa, miye nilienda kuomba moto. Wamama wakaanguka mumoja juu ya mwingine na kicheko. Muganga hakucheka. Aliniuliza hiyo moto, nilipikia nini. Nilianza kumuvalisha Plamedie rinda lake, kwa sababu kila siku nilipofika nyumbani kaa lilikuwa limezimika, na nilitoa kibiriti chini ya godoro.

Kavira njo hakucheka kabisa. Alivuta pembe ya kitenge changu, akasema pole pole: “Ile siku ya mvua nilimuwekea yake, mama Plame. Niliifunika mpaka saa kumi.”

Karibu niseme jambo. Kisha nilikumbuka ile bendera na kofia nyeupe.

Wakati huo muganga alisema kwa mwezi ujao wanatafuta kiwanja cha pili, mama mwangaza wa pili, kwa sababu kwa Kavira nafasi haitoshe. Alikuwa hajamaliza kusema, mukono wangu ulikuwa juu. Aliniuliza nitawafundisha nini. Nilisema siagi ya pikipiki. Aliangalia viatu vyake muda murefu, akaandika kitu katika daftari, akasema atapita kuona.


Jumanne, tarehe 16

Muganga atapita kuona! Nimefagia kiwanja mara mbili.

Sasa yote iko wazi katika kichwa changu, na nitaandika ili nisisahau mbele ya wamama. Mutu asije kusema kilo za Plamedie zilitoka kwa Kavira. Vijiko vya Kavira, ni vijiko tu, na vingi nilimuachia kwa ukarimu. Ni siagi. Siagi ilifika Alhamisi, na Jumatatu mutoto amepanda. Hata mutu wa darasa la pili anaona. Kwa hiyo tangu leo asubuhi nimerudisha bugali, na siagi juu, na chai ya sukari ili ishuke. Plamedie alitema bugali. Atazoea. Nimemwambia Yves atabeba bido sita kwa mara moja, na apite ku mashimo makubwa, asiyakwepe. Ananiangalia sawa mutu mwenye ana homa.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kule anatembea tangu juma lililopita. Watu wanasimama ku njia kumuangalia, sawa yeye njo alianzisha miguu. Plamedie bado anatambaa. Nimepata namna: nitamusimamisha katikati ya kiwanja, nitaweka kijiko cha siagi mbele yake, mbali kidogo, kila siku mbali zaidi, na mbele ya Pasaka atakuwa amemupita Kule, na kwa Kavira, hata kwa moto, hatuta

Mama mukwe anapiga kelele inje. Anasema niache bic yangu, Plamedie amesimama bila kushika kitu, ametembea hatua mbili, tatu, mutu amukamate mbele ya pikipiki ipite, anavuka njia, anaelekea kwa